Tukilinganisha Shule Zetu, Tuwahesabu na Waliopotea Njiani

Mada iliyotolewa kwa wazazi, walezi, wajumbe wa bodi za shule na viongozi wa dini, Maore, Wilaya ya Same

  

 Najua kuna waliouacha mpunga shambani ukisubiri zamu ya maji, na kuna walioteremka kutoka Vuje na Bombo tangu alfajiri. Kwa hiyo sitawachosha, nitasema yale tu yatakayotusaidia.

Mada yenyewe ni jinsi ya kulinganisha shule za sekondari katika wilaya yetu. Ni swali linaloingia majumbani kila mwaka, hasa Desemba na Januari. Mtoto amefanya mtihani wa darasa la saba Septemba, majina ya waliochaguliwa yametoka, na yeye amepangiwa shule ya kata. Baba anasema aende huko huko. Mama anasema amesikia shule ile haifai, afadhali wauze ng'ombe mtoto apelekwe shule ya kulipia. Bibi anauliza mbona wa jirani anasoma hapo hapo na hajambo. Mwishoni mwa Januari matokeo ya kidato cha nne yanatoka, kila mwenye simu anayafungua, na maneno yanaanza: shule fulani imeanguka, shule fulani imeng'ara.

Ninalotaka tuondoke nalo leo ni hili: kulinganisha shule ni haki yetu na ni wajibu wetu, lakini asilimia ya ufaulu peke yake haitoshi. Tukitaka kuijua shule, tuulize pia ilipokea watoto wa namna gani, na wangapi kati yao ilifika nao mwisho.

Shule zetu zimetoka wapi

Kabla ya kulinganisha vitu viwili ni vizuri kujua asili ya kila kimoja. Elimu ya shule katika Upare wa Kusini ilianza kwa mikono ya misheni. Waadventista walifika mwaka 1903 wakaanza kazi Giti, Mamba. Walutheri nao walikuwa na vituo vyao, kikiwamo cha Gonja hapa kwetu. Baada ya Uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliweka shule nyingi za mashirika ya dini chini ya Serikali. Kwa muda mrefu nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mtoto aliyechaguliwa alikuwa habari ya kijiji kizima, na waliobaki walirudi kwenye jembe hata kama walikuwa na akili.

Mashirika ya dini na wazazi waliendelea kujenga shule zao, ndiyo maana mpaka leo wilaya yetu ina shule kama Suji na Parane za Waadventista. Tuna shule kongwe ya Serikali, Same Sekondari, yenye kidato cha tano na sita, inayopokea wanafunzi hata kutoka mikoa mingine. Na tuna shule za kata, ambazo ndizo nyingi na ndizo zinazopokea watoto wetu walio wengi.

Shule za kata zilienea kutokana na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, yaani MMES, ulioanza mwaka 2004, na kampeni kubwa ya ujenzi iliyofuata kuanzia mwaka 2006. Nchi nzima ilikuwa na sekondari 1,745 mwaka 2005. Mwaka 2010 zilikuwa 4,266. Ongezeko hilo lilibebwa na wananchi. Ninyi mlio hapa mnakumbuka: msaragambo wa kusomba mawe na mchanga, akina mama wakibeba maji ya ujenzi, na michango ya fedha iliyokusanywa nyumba kwa nyumba. Majengo yalipatikana haraka kuliko walimu, vitabu na maabara. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yalipotangazwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 2013, yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima wamepata sifuri. Serikali iliunda tume, na baadaye matokeo yale yakapangwa upya. Lakini jina baya lilikuwa limeshazishika shule za kata, na hadi leo kuna mzazi anayezihukumu za sasa kwa habari za miaka ile.

Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne katika shule za Serikali. Ada hiyo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule za kutwa na 70,000 kwa za bweni. Mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita pia. Watoto ambao zamani wasingevuka darasa la saba sasa wako kidato cha kwanza. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini maana yake pia ni kwamba shule ya kata leo inapokea kila mtoto aliyefaulu, mwepesi na mzito, aliyeshiba na mwenye njaa.

Namba zinasomwaje

Matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, hayana siri. Yanawekwa kwenye mtandao shule kwa shule. Tatizo ni kwamba wengi tunaangalia namba moja tu na kufunga simu. Hebu tujifunze kuyasoma.

Kila somo lina alama. A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. Kila alama ina pointi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi zinajumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Kwa hiyo pointi chache ndizo nzuri. Hata wastani wa shule, ule unaoitwa GPA, unakwenda hivyo hivyo: unaposhuka kuelekea 1, shule inapanda. Nimewahi kusikia watu wakiilaumu shule kwamba GPA yake imeshuka, kumbe walipaswa kuipongeza.

Sasa neno "ufaulu". Linapotangazwa, linajumlisha daraja la kwanza hadi la nne. Mwaka 2024 ufaulu wa kidato cha nne kitaifa ulikuwa kama asilimia 92. Lakini waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa kama asilimia 43. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndani yake wamo watoto wengi wa vijijini. Sifa ya msingi ya kwenda kidato cha tano ni kuwa na C tatu au zaidi. Mwenye daraja la nne asidharauliwe, maana zipo kozi za cheti na ufundi zinazompokea, na maisha hayaishii hapo. Lakini shule ikibandika ubaoni kwamba imefaulisha asilimia 95, muulize mkuu wa shule kwa upole: daraja la kwanza hadi la tatu ni wangapi?

Angalieni pia idadi ya watahiniwa. Shule yenye watahiniwa 25, mtoto mmoja ni asilimia 4. Watoto watatu wakiugua malaria wiki ya mtihani, shule imeshuka asilimia 12 na watu wanasema mkuu wa shule aondoke. NECTA yenyewe, enzi zile ikipanga shule kwa ubora, ilizitenga zenye watahiniwa 40 na zaidi na zenye pungufu ya 40, kwa kuwa mizani yake si moja. Kwa shule ndogo, chukueni matokeo ya miaka mitatu pamoja ndipo mseme kitu.

Waliopotea njiani

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tuchukue shule mbili za mfano, wala si shule za hapa, ni za kuhesabia tu.

Shule ya kwanza ilikuwa na watahiniwa 30 wa kidato cha nne. Kati yao 24 walipata daraja la kwanza hadi la tatu. Hiyo ni asilimia 80. Shule ya pili ilikuwa na watahiniwa 120, na 54 walipata madaraja hayo. Hiyo ni asilimia 45. Mkiuliza kijiweni shule ipi ni bora, hakuna atakayesita.

Sasa turudi nyuma miaka minne. Shule ya kwanza iliandikisha watoto 60 kidato cha kwanza. Ya pili iliandikisha 130. Kati ya watoto 60 walioingia ya kwanza, waliotoka na daraja zuri ni 24, yaani 40 katika kila mia. Kati ya 130 walioingia ya pili, waliotoka nalo ni 54, yaani 41 na kitu katika kila mia. Mtoto aliyeingia mlango wa kila shule alikuwa na bahati karibu ileile. Ila shule ya kwanza ilipoteza nusu ya watoto wake, na ya pili ilipoteza kumi.

Je, wale thelathini wako wapi? Swali hilo halimo kwenye asilimia. Huenda wengine walihama na wazazi, na hilo si kosa la shule. Wengine walikariri kidato cha pili. Wengine waliambiwa hawajafikia wastani wa shule, wakatafute pengine. Serikali imewahi kuzikemea shule zinazowakaririsha au kuwaondoa wanafunzi kwa kigezo cha wastani wao zenyewe, na kumekuwa na malalamiko nchini kwamba baadhi ya shule huwahamishia wanafunzi dhaifu kwenye vituo vya watahiniwa wa kujitegemea ili jina la shule libaki safi. Kwa upande mwingine, shule za kata nazo zina wanaopotea kwa kimya: mvulana aliyekwenda kuchunga, mwingine aliyepanda basi kwenda Dar es Salaam kuuza maji barabarani, msichana aliyepata ujauzito.

Namba hizi mnaweza kuzipata wenyewe. Wanafunzi hufanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na matokeo yake NECTA huyaweka wazi vilevile. Chukueni matokeo ya kidato cha pili ya mwaka 2022 na ya kidato cha nne ya mwaka 2024 ya shule moja. Kwa sehemu kubwa ni watoto walewale. Hesabuni waliofanya mtihani wa kwanza na waliofanya wa pili. Pengo mtakaloliona ndilo la kupeleka kwenye kikao cha bodi. Kisha angalieni madaraja: je, watoto walipanda au walishuka katika miaka ile miwili? Shule iliyowapokea wakiwa chini ikawapandisha kidogo imefanya kazi kubwa kuliko iliyowapokea wakiwa juu ikawaacha palepale.

Mwenye shamba la juu na mwenye shamba la chini

Wapare hatuhitaji kufundishwa jambo hili, maana tunalijua kwenye maji. Wazee wetu walijenga ndiva milimani. Maji yalikusanywa usiku, yakafunguliwa asubuhi, yakagawanywa kwa zamu. Hata hapa bondeni, mwenye jaruba karibu na banio na mwenye jaruba mwisho wa mfereji hawavuni sawa, hata wakipanda mbegu moja siku moja. Mzee wa maji hakumwita mtu mvivu kabla ya kuuliza kama zamu yake ilimfikia.

Shule nazo ziko hivyo. Mtoto anayeingia shule ya seminari au ya bweni la kulipia mara nyingi amechujwa kwa mtihani wa kujiunga. Wengi wao wamesoma shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo lugha ya sekondari wameizoea miaka saba. Anakula mara tatu, ana taa jioni, na hatoki kwenda kuteka maji. Mtoto wetu wa kata nyumbani anasema Chasu, shule ya msingi amefundishwa kwa Kiswahili, na Januari moja anakuta Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Ameamka saa kumi na moja, ametembea mlima na bonde, na wengine hawatii kitu tumboni mpaka warudi jioni. Kumlinganisha huyu na yule kwa pointi tu ni kuwapima wakulima wawili bila kuutazama mfereji.

Mwanzoni mwa 2023, ikitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, NECTA haikutaja tena shule kumi bora wala wanafunzi bora, kwa maelezo kwamba si haki kuwashindanisha wanaosoma katika mazingira tofauti. Wapo waliofurahi na wapo waliolalamika. Mimi naona sababu ile ni ya kweli, lakini isiwe mto wa kulalia. Mazingira magumu yanaeleza mambo mengi, ila hayaelezi kwa nini shule mbili za kata zilizo bonde moja, zenye watoto wa aina moja na ruzuku ya aina moja, moja inapanda na nyingine inashuka. Huo ndio ulinganisho wenye manufaa kwetu. Shule za kata za Maore, Ndungu na Kihurio zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe. Zile za milimani zilinganishwe na za milimani. Hapo visingizio vinaisha na mafunzo yanaanza.

Maswali saba ya kwenda nayo shuleni

Mzazi anayetaka kuijua shule asiishie kwenye simu. Aende, avue kofia, amwamkie mkuu wa shule, kisha aulize haya:

1. Walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani wa kidato cha nne ni wangapi? Waliopungua wamekwenda wapi?

2. Kuna walimu wangapi wa Hisabati, Fizikia na Kemia? Hisabati ndilo somo gumu kuliko yote nchini. Katika miaka ya 2021 hadi 2024 ni kama mtahiniwa mmoja kati ya watano au wanne aliyelifaulu. Shule ikiwa na mwalimu mmoja wa Hisabati kwa vidato vyote vinne, jueni mnaanzia wapi.

3. Maabara inatumika, au imefungwa kwa kufuli? Mtihani wa vitendo hausomwi ubaoni.

4. Wavulana na wasichana wanafaulu sawa? Kama wasichana wako nyuma, sababu ni nini?

5. Wanafunzi wanakula mchana?

6. Wanaotoka mbali wanalala wapi?

7. Kidato cha kwanza wanasaidiwa vipi kuingia kwenye Kiingereza?

Shule inayojibu maswali haya bila kukasirika, hata kama majibu si mazuri, ni shule inayoweza kupanda. Anayejibu kwa ukali, au anayeonyesha asilimia tu, mfuatilieni kupitia bodi.

Debe mbili na nusu

Sasa niseme juu ya mfuko. Simlaumu mzazi anayempeleka mtoto shule ya kulipia. Ni jasho lake na ni mtoto wake. Lakini kabla hajauza ng'ombe wa mwisho au kukodisha jaruba kwa misimu mitatu, apige hesabu mbili. Ya kwanza: ada ya mwaka wa kwanza huonekana, ya mwaka wa nne husahaulika. Watoto wengi hurudishwa nyumbani kidato cha tatu kwa kukosa ada, na kuhama katikati ya safari kunawaumiza kuliko kama wangeanza shule ya karibu. Ya pili: kuna mambo ambayo kwa gharama ndogo yanaweza kuibadilisha shule ambayo tayari ni yetu.

Chukueni chakula cha mchana. Mwaka wa masomo una siku 194. Mwanafunzi akila robo kilo ya mahindi kwa siku, ni kilo 48 na nusu kwa mwaka mzima, yaani nusu gunia, au debe mbili na nusu hivi. Maharage gramu 50 kwa siku hayafiki hata kilo 10 kwa mwaka. Baada ya mavuno ya masika, nani hapa hawezi kutenga debe mbili na nusu kwa ajili ya mtoto wake? Asiyeweza, jirani, kanisa au msikiti utamsaidia, maana yuko mmoja kati ya wengi. Serikali imeondoa ada, lakini chakula cha mtoto wa kutwa, sare na madaftari vimebaki kwetu. Mwalimu wa Hisabati hana uwezo wa kumfundisha mtoto anayesinzia kwa njaa saa nane mchana.

Mabinti zetu na vyumba vya kupanga

La mwisho ni zito, na naomba akina baba mnisikilize. Katika kata nyingi za milimani na bondeni, binti anayetoka mbali hupangiwa chumba karibu na shule. Vijana wanakiita geto. Ana miaka kumi na minne, anajipikia, hana mtu mzima, na unga ukiisha anajua nani atampa na atamtaka nini. Anapopata ujauzito tunamlaumu yeye, kisha tunailaumu shule kwamba matokeo yake ni mabaya. Kwenye karatasi ya NECTA anakuwa mmoja wa wale ambao namba zao hazikuonekana tena.

Novemba 2021 Serikali ilitoa waraka unaoruhusu mwanafunzi aliyekatisha masomo, akiwamo aliyejifungua, kurudi shuleni. Wapo ambao hawajaambiwa. Viongozi wa dini, tangazeni jambo hili baada ya ibada na baada ya swala. Msichana huyo ni mtoto wa jamii bado, na shule inayompokea tena na kumfikisha kidato cha nne inastahili sifa kuliko yenye asilimia mia ya waliochujwa.

Lakini kumrudisha aliyeumia si sawa na kumkinga asiumie. Tukitaka kuijua shule bora kwa binti, swali la kwanza liwe: analala wapi? Hosteli ndogo iliyojengwa kwa msaragambo, yenye matroni mwenye heshima na mlango unaofungwa, inaweza kuokoa watoto wengi kuliko mabango ya kampeni. Na pale ambapo haijajengwa, familia za karibu na shule zifungue nyumba zao, kijiji kiwe na orodha ya binti gani anakaa kwa nani. Wapare tuna desturi ya mtoto wa ndugu kulelewa kwa ndugu. Tuitumie.

Tunaondoka na nini

Ndugu zangu, mapendekezo yangu ni manne.

Kwanza, bodi za shule za kata jirani zikutane mara moja kwa mwaka, Februari, baada ya matokeo. Kila shule ilete namba zake: walioanza, waliofika, madaraja, walimu wa sayansi, wanaokula, wanaolala mbali. Iliyofanya vizuri kwenye jambo moja iwafundishe wenzake.

Pili, kila kijiji kiwe na daftari la watoto waliochaguliwa kidato cha kwanza, na kila mwisho wa mwaka lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji: fulani yupo, fulani yupo, fulani hayupo. Hayupo, yuko wapi? Afuatwe.

Tatu, suala la chakula liamuliwe na wazazi wenyewe katika mkutano, lipangiwe mwezi wa mavuno, na mahesabu yabandikwe ubaoni. Watu hawachoki kuchangia. Wanachoka kutojua michango imekwenda wapi.

Nne, mzazi aliyempeleka mtoto wake shule ya mbali asijitoe kwenye shule ya kata. Wajukuu wake watasoma hapo. Watoto wa kaka yake wanasoma hapo. Na nesi atakayemtibu uzeeni, yawezekana leo yuko kidato cha pili katika shule hiyo hiyo anayoidharau.

Januari ijayo matokeo yatatoka tena na simu zitafunguliwa. Tazameni asilimia, maana ni yenu. Kisha mfungue daftari la kijiji mhesabu walioingia na waliotoka. Shule iliyofika na watoto wake wengi, ikawaacha wakiwa mahali pazuri kuliko ilipowakuta, ndiyo tuiite bora, iwe ya kulipia au ya kata, iwe na rangi ukutani au matofali matupu.